Furaha na Deni la Kumbukumbu: Kariakoo na Mnazi Mmoja

Kila mji wa pwani una uwanja wake wa furaha. Mji wa Unguja una Mnazi Mmoja, ambako kwa miaka mingi watoto wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo walikutana siku za Idd, nguo mpya mwilini na sarafu mkononi. Dar es Salaam nayo ina Mnazi Mmoja wake, baina ya mitaa ya kale ya maduka upande wa bandari na mitaa ya Kariakoo upande wa bara. Jina ni moja, na kazi imekuwa karibu moja: kuwapa watu mahali pa kukutana bila ya kulazimika kununua wala kuuza, mahali ambapo anayejua kucheza humtangulia mwenye mali.

Uwanja wa namna hiyo ni wa nani? Mwanasheria atajibu upesi kwamba mwenye ardhi ni serikali au manispaa. Jibu lake ni sahihi, ila halitoshi. Viwanja vingi vya furaha katika miji ya pwani havikutengwa kwa ajili ya furaha ya wale waliokuja kuvitumia. Vingine vilitengwa kwa nia mbaya, na vingine vilijengwa ili kumtukuza mtawala wa kigeni. Basi je, mahali palipozaliwa na nia mbovu panaweza kuwa pa furaha iliyo halali? Na waliofurahi hapo, je, wana haki ya kusahau? Kariakoo na Mnazi Mmoja, sehemu mbili zinazopakana katikati ya Dar es Salaam, zinafaa kuulizwa maswali haya.

Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na kama watawala wote walipenda sherehe. Sherehe ya mtawala si mchezo mtupu. Ni hoja inayosemwa kwa bendera na matarumbeta, nayo husema: tazameni, tumekaa, na hatutoki. Februari 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na Agosti ya mwaka huo yakapangwa maonesho makubwa ya koloni zima mjini Dar es Salaam. Aidha, historia ya Soko la Kariakoo husimulia kwamba mahali pa soko hilo hapo awali palikuwa na jengo lililosimamishwa na Wajerumani kwa ajili ya kuadhimisha utawala wa Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyetimiza miaka 25 ya enzi yake mwaka 1913.

Yafaa kukumbuka shangwe hiyo ilitaka kusimama juu ya nini. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, miaka saba tu kabla ya maonesho hayo. Kusini mwa nchi vijiji vilikuwa vimechomwa moto na ghala za nafaka zimeteketezwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Aliyetandaza busati la sherehe alijua vyema kilichokuwa chini ya busati.

Sherehe haikufika. Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka, na tarehe 8 Agosti 1914, katika mwezi ule ule uliowekewa maonesho, manowari ya Waingereza iliupiga mji kwa mizinga. Jengo la Kaisari lilibaki bila ya Kaisari. Waingereza walipouingia mji Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Kinywa cha Mswahili kikalipokea jina hilo, kikalilainisha, kikalipa irabu zake, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa uliopata jina lake kwa njia iyo hiyo.

Wapagazi hao walikuwa nani? Walikuwa wanaume waliotolewa mashambani mwao, wengi wao kwa nguvu, wabebe unga, risasi na majeruhi katika nchi isiyo na barabara, ambako mbung'o waliwaua farasi na punda. Kwa hesabu rasmi za Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa upande wao wanazidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Wengi hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi na lishe duni. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ziliumia kwa kuwabeba tembo wenyewe mgongoni.

Mwaka 1923 mahali hapo palifunguliwa soko. Wauzaji wakapanga mchicha na samaki pale palipokusudiwa kupangwa wageni wa heshima. Hatua hiyo inaonekana ndogo, nayo ina maana kubwa. Hakuna aliyetoa hotuba ya kumwondoa Kaisari katika jengo lake. Watu waliingia na vikapu, na kwa kuingia kila siku wakalibadilisha. Katika historia ya miji, mamlaka ya watu aghalabu hufanya kazi namna hii: kwa miguu mingi inayorudi mahali pamoja kila kukicha.

Mnazi Mmoja una kisa kingine chenye somo karibu sawa. Utawala wa kikoloni uliugawa mji sehemu tatu, na mazungumzo ya watu yakazipa majina: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wajerumani walianza mpango huo, na Waingereza wakautia nguvu katika miaka ya 1920 kwa sheria za majengo zilizopanga nyumba ya namna gani isimame wapi. Baina ya Uhindini na Uswahilini ukaachwa ukanda mtupu, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya: maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa lugha isiyo ya ofisini, uwazi ule ulikuwa ukuta usio na matofali. Makusudio yake yalikuwa watu wasikaribiane.

Wakakaribiana. Pengo lililoachwa ili kuwatenga likawa mahali pao pa kukutania. Mpira ulichezwa pale, na ngoma zikapigwa. Maulidi yakasomwa na Idd ikasaliwa. Huo ulikuwa pia wakati wa beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita. Vyama vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilijipa vyeo vya kijeshi vya Kizungu, vikapiga gwaride, vikashindana kwa mavazi na kwa nyimbo. Wapo waliouita uigaji mtupu. Lakini mtu aliyeamrishwa na meja wa kweli, akabebeshwa mzigo wa kweli, kisha akarudi mjini na kujifanya meja ndani ya ngoma yake mwenyewe, hakuwa akiiga tu. Alikuwa akiuchukua ukubwa ule, akiupima, na kuuonesha kwamba nao unachezeka.

Hapa ndipo furaha inapoacha kuwa jambo jepesi. Wapenda ushairi wanalijua hili kutokana na fani yao: mashindano ya malenga ni mchezo, na hata hivyo ndani yake maneno huwekwa kwenye mizani na watu hupimana akili na utu. Vivyo hivyo, katika ngoma watu hujifunza kuchagua viongozi, kukusanya michango, kuzikana na kuuguzana. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma, alipopewa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, aliviendea vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, kwani huko tayari palikuwa na umoja, uaminifu na mwito unaoitikiwa. TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa unaopakana na uwanja huo, ambao leo unaitwa Lumumba, na katika miaka hiyo ya 1950 uwanja wa Mnazi Mmoja ulisikia hotuba za wadai uhuru. Siku hizi umesimama hapo Mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Basi mtu anaweza kusema: nia mbovu imezaa tunda jema, na yaliyopita si ndwele. Kauli hiyo ina mtego. Kwamba wema ulipatikana si hoja ya kuutakasa ubaya uliotangulia. Aliyechora ukanda wa kuwatenga watu hastahili shukrani kwa sababu watu walicheza juu ya mchoro wake, wala mjenzi wa ukumbi wa Kaisari hawezi kudai sehemu katika riziki ya muuza nazi. Tunda ni la waliolilima. Mnazi Mmoja ulipata heshima yake kwa waliokuja na ngoma, mipira na miswala yao, si kwa mpimaji aliyeutenga. Hii ndiyo maana ya kweli ya kumiliki uwanja wa furaha: mwenyewe ni yule anayeufanya uwe wa furaha, na mlango wake ubakie wazi kwa anayekuja baada yake. Anayeufunga mlango huo, hata akiwa na hati, ameuvunja uwanja.

Linabaki swali la kusahau. Kila asubuhi maelfu ya watu hulitaja jina la Kariakoo: abiria wa daladala, wachukuzi wa mikokoteni, mashabiki wa Simba na Yanga ambao klabu zao zina makao katika mitaa hiyo. Ni wangapi wanaojua kwamba wanalitaja jina la kambi ya watu waliokufa chini ya mizigo ya wengine? Huenda akatokea mkali atakayesema kwamba furaha ya mahali kama hapo ni dhambi, kwamba kaburini hapachezwi. Huenda akatokea mwepesi atakayesema kwamba wafu wamekwisha kufa, na walio hai wana haki ya raha yao.

Mila za pwani hazimkubalii yeyote kati ya wawili hao. Kwao msiba una heshima yake na pia una muda wake. Eda ina mwisho. Hitima husomwa, kisha watu hula pamoja, na anayekula ubwabwa wa hitima hahesabiwi kuwa amemdharau maiti. Lakini jina la marehemu hutajwa kwanza, na kila mlaji anajua anakula kwa ajili ya nani. Machozi yana kikomo ila jina halina. Hapo ndipo mizani ilipo. Furaha haidaiwi kilio kisichokoma, kwa kuwa kilio cha milele kingewafanya walio hai wawe wapagazi wa mara ya pili, wenye mzigo wa kale usiotulika. Furaha inadaiwa ujuzi. Anayecheza na ajue anacheza wapi.

Jengo la soko linaloonekana Kariakoo sasa lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kusanifu majengo makubwa nchini Tanzania, likafunguliwa na Rais Julius Nyerere mwaka 1975. Paa lake ni la miavuli mikubwa ya zege, kana kwamba msanifu aliukumbuka mti ambao watu wa Afrika hukaa chini yake wakauziana na kuzungumza. Tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Hasara ilihesabiwa kwa mali, lakini huzuni ya mji ilizidi mali, ikaonesha kwamba watu walikuwa wamelifanya jengo hilo kuwa lao kuliko linavyosema daftari lolote. Kazi ya kulikarabati na kuongeza jingine kando yake ikafuata.

Hatari inayozikabili sehemu kama hizi leo haitoki kwa Kaisari. Inatoka kwenye bei. Kariakoo ni mahali ambapo kila hatua ya ardhi ina mpangaji, na nyumba za zamani za vyumba sita na ukumbi katikati zimeendelea kupisha maghorofa. Katika mtaa wa namna hiyo uwanja mtupu huonekana kama uzembe, kama fedha iliyolala. Anayeupima uwanja kwa kipimo hicho hajakosea hesabu, ila amehesabu kitu kisichokuwa chenyewe. Uwazi ule ulikwisha kulipiwa, na waliolipa si wenye viwanja. Walilipa wapagazi wa kambi ya jirani, walilipa waliotengwa na ukanda wa mji, na walilipa wanawake wa ngoma waliothubutu kubeba kadi za chama kilichochukiwa na wakubwa.

Urithi wa watu hao ni jina moja na uwanja mmoja. Kuulinda uwanja usimezwe ni nusu ya deni, na nusu ya pili ni kulifafanua jina. Mzazi anayempeleka mwanawe Mnazi Mmoja siku ya sikukuu, au anayemshika mkono kwenye msongamano wa Kariakoo, anaweza kuilipa nusu hiyo ya pili kwa maneno machache: hapa palikuwa na kambi, waliokaa ndani yake walibebeshwa vita visivyokuwa vyao, na wengi hawakurudi. Kisha amnunulie mtoto ubuyu wake, na amwache akacheze.