Je, Zawadi Yaweza Kuwa na Masharti?

Mtu akimpa jirani yake kitu bure, kisha akamwambia, "Chukua, lakini fanya hivi, wala usifanye vile," je, mtu huyo ametoa kweli? Wengi watajibu upesi kwamba hakutoa bali amekopesha, kwani atoaye huachilia. Swali hili ni la zamani, lakini siku hizi limeturudia kwa njia ya kompyuta. Na kwa kuwa kompyuta zimekwisha kuingia katika ofisi za afya, za shule na za ushirika, yafaa kila mzazi na kila kijana alifikiri, wala tusiwaachie mafundi peke yao.

Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, nayo mashine huyafuata. Wauzaji wengi humpa mnunuzi programu inayofanya kazi, lakini maandishi yenyewe, yaitwayo msimbo, huyaficha. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kwamba yeye na wenzake wataandika programu ambazo kila mtu ataweza kuzisoma, kuzirekebisha, kuzinakili na kumpa mwenzake. Hizo ndizo tuziitazo programu huria. Lakini pamoja na zawadi hiyo huja karatasi ya masharti, nayo ni leseni.

Leseni hizo ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza, iitwayo BSD, yasema hivi kwa ufupi: chukua, tumia upendavyo, hata ukitaka kuifungia katika bidhaa yako, ila usilifute jina la mwandishi, wala usimdai fidia ukipata hasara. Ya pili, iitwayo GPL, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1989, yasema: chukua, badilisha, hata uza, lakini utakayempa au kumwuzia, mpe na msimbo wake, tena mpe haki zile zile ulizopewa wewe. Linus Torvalds wa Ufini, aliyeanza kuandika Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi, alichagua leseni hii ya pili mwaka 1992. Leo mashine zisizohesabika duniani zaendeshwa kwa kazi hiyo.

Labda mtu atasema, "Hii GPL si uhuru, maana yanilazimisha." Kabla ya kumjibu, na twende Bariadi.

Watu wa Usukuma wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue. Kiangazi kikifika na nchi kukauka, hufunguliwa. Desturi hii ilikuwa imedhoofika sana pamoja na miti kukatwa, hata mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kwa maana Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hazikufufuliwa kwa kuachiwa kila mtu afanye apendalo. Zilifufuliwa kwa sababu wanakijiji walikaa katika dagashida, baraza lao la jadi, wakaweka kanuni na adhabu ya mvunjaji. Aliyeingiza ng'ombe wake kabla ya wakati hakuweza kujitetea kwa kusema kwamba nyasi ni za wote. Naam, zilikuwa za wote, na kwa sababu hiyo hasa hakuwa na haki ya kuzimaliza peke yake.

Hapa twapata kipimo cha masharti. Liko sharti la kumrudishia mtoaji faida yake, na hilo kweli laifanya zawadi kuwa biashara. Liko pia sharti la kumlinda yule atakayekuja baadaye, ambaye mtoaji hamjui wala hatapata kitu kwake. Sharti la namna hii haliipunguzi zawadi, bali laifikisha mbali zaidi. GPL ni kama kanuni ya ngitili: yamkataza mtu mmoja tu, yule atakaye kula kisha afunge mlango nyuma yake.

Lakini tusiilaumu leseni ya kwanza. Programu iitwayo DHIS2, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na kutolewa kwa leseni ya BSD, ndiyo itumikayo nchini mwetu kukusanya taarifa za afya. Zahanati ya kijijini huandika wagonjwa, wajawazito na watoto katika vitabu vya MTUHA. Kila mwezi hujumlisha, na hesabu huingizwa katika mfumo huo, hata wilaya, mkoa na wizara wazione. Leseni yake haimdai mpokeaji mambo mengi. Basi kinachobaki ni dhamiri. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tuliopokea yafaa tuulizane: je, tumeshika jembe, au tungali wageni?

Na jembe lenyewe lina namna ya kulimia. Mradi wa Linux una kanuni za uandishi wa msimbo, nazo ni kali. Kila tabaka la maagizo lisogezwe ndani kwa nafasi nane. Mwandishi akihitaji kupita matabaka matatu, kazi yake imekwisha kuvurugika, na airekebishe. Kila kipande kiwe kifupi, kifanye jambo moja. Kijana mwenye akili nyepesi aweza kuzicheka. Mashine, atasema, haijali nafasi hizo. Ni kweli, mashine haijali. Lakini msimbo husomwa na watu pia, na anayeupokea aweza kuwa kijana wa Lamadi au Mwanhuzi asiyeweza kumpata mwandishi wa kwanza na kumwuliza.

Mwuguzi wa zahanati alijua jambo hili kabla ya kompyuta kufika. Akiandika umri wa mtoto katika safu ya uzito, au akabuni alama zake mwenyewe, yeye ataelewa. Lakini siku atakapohamishwa, mwenzake atashika kitabu kisichosema kitu, na dawa zitaagizwa kwa hesabu ya uongo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika vizuri ni kumheshimu mtu usiyemwona.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyogeuzwa kuwa ya Kiswahili. Hawakuhitaji kwenda kuomba ruhusa kwa tajiri yeyote, kwa maana leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu. Hayo ndiyo matunda ya masharti yaliyowekwa na watu waliowafikiria wengine.

Basi, ninyi wazazi mlio na watoto wajifunzao kazi hii, wafundisheni mapema kuisoma leseni kabla ya kuchukua, kutolifuta jina la aliyetangulia, kuandika kwa utaratibu, na kurudisha walichokirekebisha. Asiwepo wa kuwaambia kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. Kina wenyewe wengi, na walio wengi kati yao hawajakifikia bado.