KUMZURU RAFIKI WA ZAMANI: NI WEMA AU NI UZITO?



Ni ada yetu watu wa pwani kwamba mtu akisafiri na ahali zake kutoka Mombasa kwenda Lamu, hapiti mji ila humkumbuka mtu. Malindi ana shemegi, Garsen ana rafiki wa chuoni, Witu ana somo yake. Ada hii ni njema, na asili yake ni dini. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim imesimuliwa habari ya mtu aliyetoka kumzuru nduguye katika kijiji kingine. Malaika akamngojea njiani, akamuuliza kama ana maslahi yo yote anayoyafuata kwa huyo nduguye. Akajibu kuwa hana, ila ampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Hapo akabashiriwa kuwa naye apendwa na Mola wake.

Suali lile la malaika yafaa kila msafiri ajiulize kabla ya kubisha hodi.

Mwezi wa Desemba 2024 tulifunga safari ya siku nyingi kwa gari, watu tisa, na magodoro na sufuria zetu humo humo. Tulipofika njia panda ya Minjila jua lakaribia kuchwa. Nikawaambia watoto: "Leo twalala Garsen kwa rafiki yangu." Hatukuwa tumempelekea habari. Mtu huyu tulisoma naye kitabu kimoja mbele ya mwalimu mmoja, na hatukuonana kwa miaka kumi na mitano. Alitupokea kwa machozi ya furaha. Usiku ule tulikula wali na nyama ya mbuzi, na watoto wake wakalala chini ili wangu walale vitandani.

Alfajiri, tulipotoka msikitini, nilimsikia akimwomba mwenye duka kwa sauti ya chini deni la mchele lingoje hata avune. Mto Tana ulifurika mwisho wa mwaka 1997, ukafurika tena mwisho wa 2023, kisha Aprili na Mei 2024. Mara hizi mbili za mwisho mpunga wake ulikwenda na maji. Khabari za mafuriko nilizisikia nyumbani kwangu, wala sikumuuliza hali. Nilitaka kulilipa deni lile, akakataa, akasema: "Chakula cha mgeni hakilipwi." Basi kosa langu likabaki bila ya kafara.

Je, ingekuwa kheri nipite? Nilimuuliza, akajibu: "Lau ungepita nikasikia kwa watu, hilo ndilo lingeniumiza." Kwa hivyo wakosea wasemao kuwa salamu za simu zatosha, na ziara ni kusumbuana. Kadhalika akosea aingiaye kwa rafiki kama aingiaye hotelini. Uzito hautoki katika ziara, bali watoka katika kuacha adabu zake.

Na adabu zimekwisha kubainishwa. Katika Suratun-Nur tumeamrishwa kutaka idhini, na tukiambiwa turudi, turudi bila ya chuki. Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha kuwa haki ya mgeni ni siku moja na usiku wake, ukarimu ni siku tatu, na lizidilo ni sadaka, wala si halali mgeni kukaa hata amtie mwenyeji dhiki. Mwenyeji naye asijikalifishe. Imepokewa kwamba Salman al-Farisi alimwandalia mgeni wake mkate na chumvi, akamweleza kuwa wamekatazwa kujikalifisha.

Tuliporejea kutoka Lamu tulipeleka habari siku mbili mbele. Tulichukua samaki na mchele, wake zetu wakapika pamoja, na usiku tukalala juu ya magodoro yetu. Mazungumzo yakawa marefu kuliko mara ya kwanza, kwani hakuna aliyekuwa akificha kitu.

Basi ndugu zangu, wazuruni rafiki zenu kabla hawajazuriwa makaburini. Lakini ulizeni hali kwanza, na mikono isiwe mitupu.

Wallahu aalam.