Punda Afe, Mzigo Usifike

Wahenga walikuwa wakatili kidogo waliposema punda afe, mzigo ufike. Lakini angalau waliweka sharti: mzigo ufike. Liondoe sharti hilo, na kinachobaki njiani ni mzoga tu.

Sharti hilo hunijia kila nikisikia habari za dawa ya sumu ya nyoka. Wengi hawajui inatoka wapi. Inatoka kwa farasi. Nyoka hukamuliwa sumu, farasi akadungwa kiasi kidogo, kisha kingine, na kingine, wiki baada ya wiki, mpaka damu yake ijae kingamwili zinazoikamata sumu na kuizima. Ndipo hutolewa damu, kingamwili zikachujwa na kutiwa chupani. Mfaransa Albert Calmette alitengeneza dawa ya aina hii miaka ya 1890, na hadi leo njia kuu ni ile ile.

Farasi huvimba pale anapodungwa, na akitolewa damu kupita kiasi hudhoofika. Panya nao hawasazwi. Hudungwa sumu iliyochanganywa na dawa, kisha wanahesabiwa: wangapi wamekufa, wangapi wamebaki.

Sasa, je, ni halali? Kuna wanaosema mnyama ni mnyama tu, ameumbwa atutumikie. Kuna wanaosema hata panya mmoja ni mwingi. Hao wa kwanza siwaelewi, maana maumivu ni maumivu. Hao wa pili nawaelewa, lakini wengi wao hulala kwenye nyumba za mawe. Anayeumwa na moma ni mama anayeokota kuni Kitui, ni kijana anayechunga mbuzi Baringo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Siwezi kumwambia mzazi ambaye mguu wa mtoto wake unaanza kuoza ati asubiri, tunamhurumia farasi.

Kwa hivyo nakubali farasi atumike. Ila nakubali kwa sababu ya yule mtoto, si kwa sababu nyingine. Basi hebu tuulize: dawa ilimfikia?

Mara nyingi haikufika. Kingamwili huitambua sumu ile ambayo farasi alidungwa, au inayofanana nayo. Dawa iliyotokana na nyoka wa India haiwezi kutegemewa dhidi ya moma wetu, na bado dawa za namna hiyo zimewahi kuuzwa Afrika. Hata iliyo nzuri huagizwa kutoka nje, ni ghali, na mgonjwa mmoja huweza kuhitaji chupa kadhaa. Tena iko mjini, na nyoka yuko kijijini. Ndiyo maana wengine huishia kufungiwa jiwe jeusi kwenye jeraha na kuombewa.

Hapo hesabu yangu yote inaharibika. Farasi ameumia, panya wamekufa, na kijana wa Baringo naye amekufa. Kamati za maadili huuliza kama mnyama alitunzwa vizuri na kama kweli alihitajika. Ni maswali mazuri, lakini yanaishia mlangoni mwa maabara. Ninavyoona mimi, kilichomhalalisha farasi ni mgonjwa kupona, na mgonjwa yuko mbali sana na huo mlango. Kati yao kuna mfanyabiashara anayeleta chupa isiyofaa kwa sababu ni rahisi, na kuna kaunti inayoacha dawa iishe kwenye stoo hadi msimu wa mvua. Hawa hawajawahi kushika sindano, lakini wamemtesa farasi bure.

Wanasayansi wanatafuta njia za kuunda kingamwili bila farasi. Nawaombea heri, siku hiyo ije upesi. Lakini chupa hiyo mpya nayo itahitaji bajeti, friji na pikipiki ya kuifikisha kijijini. Tukishindwa na hayo, tutakuwa tumemwokoa farasi peke yake.