Namba za Mwaloni

Anayeingia Soko la Mwaloni, Kirumba, wilayani Ilemela, Mwanza, hukutana kwanza na harufu ya dagaa, kisha makuli wanaopiga kelele wapishwe. Mtaji mkubwa wa soko hilo hauonekani: umo kwenye simu za wafanyabiashara.

Mwenye mzigo hana haja ya kwenda Ukerewe kila wiki. Kule ana mtu wake, anayetofautisha dagaa wa kichanja na wale walioanikwa mchangani. Sokoni ana dalali, barabarani ana dereva anayeijua njia ya mpakani, na Burundi au Kongo ana mpokeaji. Mzigo huweza kuondoka kwa mali kauli. Gunia moja lenye mchanga chini, na jina la miaka kumi limekwisha.

Mwanza haikujifunza jana thamani ya kuaminiana. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba, Paul Bomani akiwa mbele, viliungana katika shirikisho la ushirika la Victoria, baada ya kuchoshwa na mizani ya walanguzi.

Anayeanza leo, kabla ya kuulizia mkopo, apite Mwaloni alfajiri, aulize bei, aache namba yake.