Nyoka wa Abonoteichos: Ushahidi wa Sarafu Juu ya Imani

Miji mingi ya mashariki ya Dola ya Kirumi ilifua sarafu zake yenyewe za shaba, ambazo kwa kawaida zilibeba sura ya kaisari upande mmoja, na upande wa pili picha ambayo mji ulitaka kutambulikana kwayo. Nyoka huonekana mara nyingi katika upande huo wa pili: huko Pergamon alikuwa mnyama wa Asklepio, mungu wa uponyaji, na huko Alexandria alivikwa taji la Misri akaitwa Agathodaimon, yaani roho njema inayoulinda mji.

Swali zito zaidi linazushwa na Abonoteichos, mji mdogo wa pwani ya Bahari Nyeusi, ambako katikati ya karne ya 2 B.K. mtu aliyeitwa Alexander, aliyejidai nabii, alianzisha ibada ya Glykon, nyoka mtabiri aliyesemekana kuwa Asklepio aliyezaliwa upya. Mwandishi Lucian wa Samosata, aliyekuwa hasimu wa nabii huyo, alidai kwamba nyoka alinunuliwa Pella, Makedonia, na kwamba kichwa chake chenye sura ya mtu kilitengenezwa kwa kitambaa cha kitani. Sarafu za mji huo, kuanzia enzi ya Antoninus Pius (138–161), zinamwonyesha Glykon pamoja na jina lake, na baadaye zinabeba jina jipya la mji, Ionopolis, ambalo Lucian anasema liliombwa kwa kaisari na Alexander mwenyewe.

Ni shahidi yupi basi wa kuaminiwa? Sarafu haiwezi kuthibitisha uungu wa Glykon, kwa kuwa mamlaka ya mji hufua yanachokiheshimu, si lazima kilicho kweli. Lakini hata maelezo ya Lucian, yakikubaliwa yote, hayaelezi kwa nini nyoka huyo aliendelea kufuliwa hadi enzi ya Trebonianus Gallus (251–253), zaidi ya nusu karne baada ya Alexander kufa, wakati ambapo hapakuwa tena na mlaghai wa kufaidika. Udanganyifu unaweza kuianzisha ibada, ila kinachoidumisha ni jamii inayopata ndani yake heshima, faraja na jina. Kwa hiyo asili ya imani na maisha ya imani ni maswali mawili tofauti, na anayelijibu la kwanza hajalijibu la pili.