Kazi ya Kwanza ya Shemasi



Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likiongezeka, na hapo manung'uniko yakazuka: wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakipitwa wakati wa kugawa chakula. Mitume hawakusema "tutaliombea neno hilo" kisha wakanyamaza. Walichaguliwa wanaume saba wenye sifa njema ili wasimamie meza. Mashemasi wenzangu, hatukuwekwa ili kuvaa vizuri na kuhesabu sadaka. Tuliwekwa kwa sababu mama mzee alilala njaa.

Sasa tuangalie kwetu. Toka Kavimvira mpaka Kalundu, na kushuka kando ya ziwa mpaka Makobola, Swima na Mboko, wazee wetu wengi walivua samaki, walilima muhogo, waliuza ndagala. Kazi ya namna hiyo haina malipo ya uzeeni. Akiba yao ilikuwa watoto, na watoto hao wengine vita viliwamaliza, wengine wako Bujumbura, wengine wako ng'ambo ya ziwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mtu wa umri mkubwa haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Ni neno zuri, lakini kifungu hakichoti maji.

Na maji ndiyo mzigo wenyewe. Bidoni ya litre 20 ina uzito wa kilo 20. Uvira imejulikana kwa kipindupindu miaka mingi, na mzee asiyefika kwenye bomba hunywa ya ziwa au ya mto. Choo kiko nyuma ya lupango, hakina mahali pa kushika; usiku anaanguka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba maelfu, wenye miguu walikimbia. Mzee alihitaji mgongo wa mtu.

Kuna jambo lingine, nami nalisema ijapokuwa wengine watakasirika. Sisi ni kanisa la unabii, tunaamini Roho anasema. Lakini Roho aliyeagiza katika Walawi 19:32 tusimame mbele ya mwenye mvi, je, atamtaja mwenye mvi huyo kuwa mchawi kwa sababu mtoto wa jirani ana malaria? Mwaka 2021, katika jimbo letu la Kivu Kusini, wanawake waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, kisha kutajwa hivyo. Waliowataja ni wale wanaojiita bajakazi, watu wa vyumba vya maombi. Macho mekundu ya mama mzee ni moshi wa kuni wa miaka hamsini! Ndoto ya namna hiyo isitangazwe mbele ya watu. Ipelekwe kwa pasta peke yake, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku ileile.

Tufanye nini basi? Nyumba kubwa ya wazee hatuna feza ya kuijenga, na kwa mawazo yangu, hata tungekuwa nayo, mzee hapendi kuhamishiwa kwa wageni. Anapenda lupango lake. Tunachoweza ni kivuli kando ya kanisa, viti vyenye mgongo, pipa la maji safi, choo cha karibu chenye mti wa kushika. Wamama wapike uji siku moja kwa juma. Kila kijana wa korali apewe mzee mmoja, bidoni mbili kwa siku. Kipoyi kikae tayari, maana mgonjwa hangoji tukate miti. Na wanaokaa karibu na mto tuwajue kwa majina kabla ya mvua.

Someni pia Marko 7, habari ya Korbani. Yuko ndugu anayetoa zaka kwa sauti, na mama yake anaomba chumvi kwa jirani. Bwana Yesu alikwisha kumjibu.

Jumamosi kisha maombi ya asubuhi ni salongo ya choo. Mwenye mbao, misumari, jembe au mikono tu, afike. Majina ya wazee wanaokaa peke yao mpeleke kwa shemasi wa kartie yenu kabla ya siku hiyo, hata wale wasiosali kwetu.