Kasuku wa Walikale na Mipaka ya Utawala wa Binadamu

Anayejiuliza kama kasuku anamfaa kwa kawaida hupima nafasi iliyopo nyumbani, kelele na gharama ya chakula. Lakini huko Masisi na Walikale, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, swali hilo hutanguliwa na jingine la maadili, nalo ni iwapo binadamu ana haki ya kumtenga na kundi lake ndege aliyezaliwa huru ili awe kiliwazo chake. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni ndege wa misitu yenye joto ya bonde la Kongo, ambayo hufika hadi Walikale, ilhali milima ya Masisi, yenye baridi na malisho ya ng'ombe, si makao yake.

Namna anavyopatikana ni sehemu ya swali lenyewe. Mtegaji hupaka matawi ulimbo, yaani utomvu unaonata, kisha huweka karibu kasuku wa chambo ili mlio wake uwaite wenzake, na wanaonaswa hukatwa au kung'olewa manyoya ya mabawa wasiweze kuruka. Wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Mwaka 2016, huko Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini walio hatarini, zilimwingiza ndege huyu katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya viumbe ambao hawaruhusiwi kukamatwa porini na kuuzwa nje ya nchi kwa faida. Hata hivyo, sheria ya mipakani haimalizi swali la dhamiri kwa yule anayenunua kasuku kijijini kwake.

Wapo Wakristo wanaojitetea kwa sura ya kwanza ya Mwanzo, ambamo binadamu anapewa utawala juu ya ndege wa angani. Lakini sura ya pili humweka bustanini ailime na kuitunza, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, hukataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa utawala huo kufasiriwa kuwa ruhusa ya kunyonya viumbe. Katika Uislamu, wanazuoni wengi wamehalalisha kufuga ndege kwa kutegemea hadithi ya mtoto Abu Umair na ndege wake mdogo, lakini hadithi nyingine humtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Dini zote mbili, basi, hazikatazi kufuga, bali humfanya kiumbe kuwa amana, yaani kitu ambacho mtu hukishika kwa niaba ya mwenye mali na atakitolea hesabu.

Amana hiyo ni nzito, kwa kuwa kasuku huyu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, huishi kwa makundi, na akiachwa mpweke huweza kujinyonyoa manyoya hadi ngozi ibaki wazi. Katika eneo ambalo vita vimezifukuza familia makwao mara kwa mara, ni vigumu kwa mtu mwadilifu kuahidi malezi ya miongo minne. Atakayesema kwamba anamnunua ili kumwokoa akumbuke kwamba fedha yake hugharimia mtego unaofuata. Na ingawa umaskini wa mtegaji mwenye watoto wa kulisha hupunguza lawama yake, haumpi udhuru mnunuzi mwenye hiari, ambaye hakusukumwa na njaa.

Upole unaokuja baada ya mtego hauondoi dhuluma ya mtego. Kwa hiyo kasuku aliyenaswa msituni hamfai mtu yeyote, hata mwenye huruma na uwezo wa kumlisha. Na anayempenda kwa dhati asimnunue, bali ausaidie msitu wa Walikale kubaki umesimama.